Unajua Kifaransa, Je, Unawajua Wafaransa?

Mtu wa Lubumbashi anayepata nafasi ya kwenda kusoma au kufanya kazi Ufaransa ana shida moja ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi hana: anadhani anakwenda kwa watu anaowajua. Kifaransa amekianza shule ya msingi, habari anasikiliza RFI, filamu anaangalia TV5, na huenda ameshaingia mara nyingi tu Halle de l'Étoile, pale Institut français, kuona tamthilia au kuazima kitabu. Mtanzania akishuka Paris anajua kwamba hajui kitu, kwa hiyo anauliza. Sisi hatuulizi. Tunashuka na lugha mdomoni, na lugha hiyohiyo ndiyo inayotuponza.

Kifaransa chetu hakikutoka Paris. Tuliletewa na Wabelgiji: mapadre na masista, mabwana wa Union Minière na wa reli. Ndiyo maana tunasema septante na nonante, na ndiyo maana wengi wetu tukisikia dîner tunafikiria chakula cha mchana. Hilo la pili ulishike mapema, maana Ufaransa déjeuner ni cha mchana na dîner ni cha usiku. Ukikosea utabisha hodi saa saba mchana kwa watu wanaokungoja saa mbili usiku.

Mfaransa mwenyewe tumemjua kwa vipande. Wazee wa Kolwezi wanamkumbuka kama askari wa Légion étrangère aliyeshuka kwa parachuti Mei 1978. Vijana wanamkumbuka Patrice Carteron, kocha aliyeipa TP Mazembe Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015. Wengine wanamjua kwa manukato na mivinyo. Hayo yote hayatakusaidia siku ya kutafuta chumba Lille. Naye pia hakujui: ukimwambia unatoka Kongo atakuuliza ipi, na mara nyingi ameshafikiria Brazzaville, iliyokuwa koloni lao. Usinune. Mtajuana polepole.

Ninachotaka ulishike kabla ya yote ni hili. Kila jamii ina mambo ya mbele za watu na mambo ya ndani ya nyumba. Kwetu imani, ndoa, watoto na msiba ni mambo ya wote. Jirani ana haki ya kuuliza na mjomba ana haki ya kuamua. Kumpinga mkubwa ndiko tunakokufanya pembeni, kwa sauti ya chini. Wafaransa wamepanga kinyume. Imani, mshahara na familia wamevifungia ndani, halafu ubishi wameuweka mezani, hadharani, mbele ya bosi na mbele ya mama mkwe. Mengi yanayoitwa ubaridi wa Wafaransa au majivuno yao yatajieleza yenyewe ukiujua mpangilio huo.

Tuanze na salamu. Husemwa kwamba Wazungu hawana salamu. Fikiria duka la mkate asubuhi. Umepanga foleni, zamu yako imefika, unasema kwa Kifaransa kilichonyooka kabisa kwamba unaomba baguette moja, tafadhali. Mwanamke wa kaunta hagusi mkate. Anakutazama usoni, kisha anasema taratibu, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: “Bonjour.” Hapo hakusalimu, amekukanya. Umeomba kabla ya kumtambua kuwa ni mtu, na mbele ya wateja wote amekurudisha mwanzo. “Tafadhali” yako haikuokoi.

Kwa hiyo bonjour kwanza, haja yako baadaye: kwa dereva wa basi, kwenye lifti, kwenye chumba cha kungojea daktari ambamo unawasalimu wote kwa mara moja, dirishani kwa karani wa préfecture. Ukitoka, merci na au revoir. Lakini salamu inaishia hapo. Ça va? si mlango wa kueleza malaria ya mtoto na bei ya unga. Jibu ni ça va, basi. Na mtu yuleyule humpi bonjour mara mbili siku moja, atadhani umesahau kwamba mlionana. Kuhusu busu la mashavuni, sehemu nyingi ni mara mbili, kusini kwingine mara tatu, na tangu Covid wengine wameliacha kabisa. Ngoja mwenyeji aanze. Kugusana vipaji vya nyuso kama tunavyofanya sisi, wahifadhie Wakongo wenzako.

Kwenye kuita watu kuna mtego mkubwa zaidi. Lubumbashi kila mwanamume mzima ni Papa na kila mwanamke ni Maman, awe ni muuza sombe wa soko la mtaa wa Kenya au mkurugenzi. Mwite Mfaransa wa miaka 55 maman ofisini uone uso wake: amesikia kwamba amezeeka. Sema madame, monsieur. Mademoiselle iliondolewa kwenye fomu za serikali mwaka 2012, nawe iondoe. Halafu Kifaransa chetu kina haraka ya kusema “tu” badala ya “vous”, kwa sababu heshima tumeshaiweka kwenye Papa na Maman. Ukiyatoa hayo mawili halafu ukabaki na “tu”, hakuna heshima iliyosalia. Anza na vous kwa kila mtu usiyemjua, isipokuwa wanafunzi wenzako, hao mtaitana “tu” dakika ya kwanza. Mkubwa akitaka mbadilishe, atasema mwenyewe.

Siku moja utaalikwa kula nyumbani kwa mtu, na hilo lisikupite kama jambo dogo, maana Mfaransa hamwingizi mtu nyumbani kwake upesi. Kwetu mgeni akija na mgeni, bukari inaongezwa na maisha yanaendelea. Kule sahani zimehesabiwa. Ukitaka kwenda na kaka yako uliza siku kadhaa kabla, na ukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Ukiambiwa saa mbili usiku, fika saa mbili na dakika kumi au kumi na tano. Kuwahi ni kumkuta mwenyeji bado jikoni, na kuchelewa saa nzima ni tusi. Usiende mikono mitupu: chupa ya mvinyo, chokoleti, au maua. Lakini maua yasiwe krisanthemumu, hata kama yamekuvutia dukani. Hayo hupelekwa makaburini siku ya Watakatifu Wote, Novemba 1.

Utakaribishwa kwanza apéro: vinywaji, zeituni, karanga. Usishibe hapo, na usikate tamaa ukidhani ndicho chakula. Kisha mtahamia mezani na vyakula vitakuja kimoja baada ya kingine: cha kuanzia, kikuu, jibini, kitamu cha mwisho. Subiri mwenye nyumba aanze. Mikono iwe juu ya meza, isijifiche mapajani. Mkate hauwekwi sahanini, unawekwa juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, na unamegwa kwa mkono. Sahani ya jibini ikifika kwako, kata kipande chako kwa urefu. Anayekata ncha ya brie, palipo laini kuliko pote, amewachukulia wenzake, nao wataona hata wasiposema. Kwa kawaida sahani hiyo haizunguki mara ya pili. Yote hayo huchukua saa tatu bila mtu kuangalia simu. UNESCO iliuweka mlo huo wa Kifaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na Wafaransa walipokea habari hiyo kama watu walioambiwa jambo wanalolijua.

Kama kanisa lako halikuruhusu pombe, sema hunywi, na uishie hapo. Hakuna atakayekulazimisha, na hakuna aliyeomba mahubiri. Kama huli nguruwe, sema siku ya kualikwa, usingoje sahani ije. Kesho yake tuma ujumbe wa shukrani. (Kwa wanafunzi wenzako sahau nusu ya haya: ni tambi kwenye sufuria na watu wamekaa sakafuni.)

Jibini ikiwa bado mezani, ubishi utaanza. Mmoja atasema neno kuhusu rais, mwingine atamkata kauli: hapana, hata kidogo. Sauti zitapanda. Wewe uliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa utadhani nyumba inavunjika, kumbe dakika mbili baadaye wanamiminiana mvinyo. Jambo hilo hufundishwa shuleni. Mwaka wa mwisho wa lycée wanafunzi wa masomo ya jumla na wa teknolojia wote husoma falsafa, na kwenye baccalauréat wana mtihani wake wa saa nne, ambamo swali halijibiwi kwa kusema ndiyo tu. Unatetea, unapinga, kisha unatafuta njia. Mtoto aliyepita hapo akikupinga amekuchukulia kuwa na akili. Akikubali kila unachosema, ndipo ujiulize.

Chuoni hilo lina bei yake. Profesa hataki umrudishie maneno yake kwenye mtihani, hata kama umeyashika yote kama tulivyozoea. Anataka uyapime. Na alama zao zina ubahili: juu ya 20, kumi umepita, 12 ni assez bien, 14 ni bien, 16 ni très bien, na zaidi ya hapo ni watu wachache mno. Aliyezoea distinction UNILU asilie kwa 13. Mfaransa anayesema kazi yako pas mal amekusifu.

Dini sasa. Lubumbashi mstari wa Biblia umeandikwa kwenye kioo cha basi, mkutano wa ofisi unafunguliwa kwa sala, na “unasali wapi?” ni swali la kujuana. Ufaransa kanisa na serikali vilitenganishwa kwa sheria ya Desemba 9, 1905, baada ya ugomvi mrefu na Kanisa Katoliki. Watu wa kwetu husikia laïcité wakadhani imani imekatazwa. Haijakatazwa. Inayofungwa ni serikali na watumishi wake: mwalimu, karani, muuguzi wa hospitali ya umma hawaonyeshi dini yao kazini. Mwaka 2004 katazo la alama za dini zinazoonekana waziwazi liliwekwa pia kwa wanafunzi wa shule za umma, lakini chuo kikuu hakimo. Pale mwanamke anavaa hijabu yake akisoma. Kufunika uso mahali pa umma kumekatazwa kwa sheria ya 2010. Wakati huohuo nchi nzima inapumzika Kupaa Bwana na Kupalizwa Maria, na huko Alsace na Moselle serikali hadi leo inawalipa mapadre mshahara, kwa sababu mwaka 1905 maeneo hayo yalikuwa ya Ujerumani. Kwa hiyo sali, makanisa ya Wakongo yamejaa viunga vya Paris. Ila usimuulize mwenzako wa kazini anasali wapi, na usimwambie utamwombea kabla hamjazoeana.

Ya kuuliza ni mengi utakayoyaacha: mshahara, kodi ya nyumba, kwa nini hawajafunga ndoa, kwa nini hawana mtoto. Zaidi ya nusu ya watoto wa Ufaransa huzaliwa na wazazi wasiooana, na tangu 1999 kuna mkataba wa kuishi pamoja uitwao PACS. Ndoa inayotambuliwa ni ile ya mairie, na lazima itangulie ya kanisani. Pesa nazo zina mpaka: mgahawani kila mtu hulipa chake au bili inagawanywa sawa. Maji ya bomba kwenye karafa ni bure, na huduma imo kwenye bei. Kukopa pesa kwa mwenzako wa kazi, usijaribu.

Msiba ndipo wengi wetu huumia. Simu inakuja usiku kutoka nyumbani, Katuba: Papa amefariki. Asubuhi unawaambia ofisini. Watasema condoléances, mmoja atakushika bega, kisha watarudi kwenye kompyuta zao. Hakuna atakayekuja kukaa nawe, hakuna matanga, hakuna mchango. Utakwenda kulala ukisema watu hawa hawana moyo. Lakini ndivyo wanavyofanyiana wenyewe. Mfaransa akifiwa na baba, sheria inampa siku tatu za kazi. Anazika na wa karibu, anarudi, na anashukuru mkimwacha. Kwake kukuacha peke yako ni heshima. Usipowaambia unahitaji nini hawatakisia. Sema wazi: nahitaji siku kadhaa, nahitaji mtu wa kuongea naye. Wengi wao watafanya. Kilio chenyewe kilie na wa kwako. Na akifiwa mwenzako, mwandikie kadi. Usiende kwake bila kuitwa, hata na soda.

Sifa ya Wafaransa ya kugoma utaisikia kila mahali: kwamba ni wavivu. Haki ya kugoma imo katika utangulizi wa Katiba ya 1946, na kwenye huduma za umma mgomo hutangazwa siku tano kabla, kwa hiyo ukiwa na mtihani angalia treni usiku wa jana yake. Likizo ya kulipwa waliipata kwa mgomo: wiki mbili mwaka 1936, leo ni wiki tano. Mwaka 2023 waliandamana miezi mizima kupinga umri wa kustaafu kupandishwa kutoka miaka 62 hadi 64. Sisi tunaotoka mji ambao wagomaji wa Union Minière walipigwa risasi Desemba 9, 1941, tuna sababu ya kuogopa neno hilo, lakini hatuna sababu ya kulidharau. Agosti, mwezi wa likizo, mji unahama. Usipange kufuata karatasi zako Agosti.

Kuhusu rangi, nisikudanganye. Katiba yao inasema raia wote ni sawa bila kujali asili, rangi wala dini, na sensa haiulizi mtu ni mweusi au mweupe. Kanuni hiyo wanaipenda kwa dhati, na wengi wataudhika ukiwahesabu watu kwa rangi. Lakini utafiti uliotolewa Januari 2017 na Défenseur des droits, taasisi ya umma ya kutetea haki, ulionyesha kwamba kijana wa kiume anayeonekana kuwa Mweusi au Mwarabu ana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi. Miezi michache kabla yake, mahakama ya juu, Cour de cassation, ilikuwa imeihukumu serikali kwa ukaguzi wa namna hiyo. Kwa hiyo tembea na karatasi zako, jibu kwa vous na kwa utulivu, usikimbie. Askari anapaswa kuvaa namba ya utambulisho, isome. Kulalamika kwa Défenseur des droits ni bure.

Halafu usiihukumu nchi kwa metro ya Paris. Nchi ina watu milioni 68 hivi, Paris penyewe milioni mbili na kidogo. Mtu wa Lubumbashi anayechoka kusikia Kongo yote ikisimuliwa kana kwamba ni Kinshasa anapaswa kulielewa hilo haraka. Miji ya kati kama Rennes, Nantes au Clermont-Ferrand ina vyuo vizuri na vyumba vya bei nafuu kuliko Paris. Sombe na samaki mkavu utavifuata Château Rouge, mtaa wa 18 wa Paris, ukipita.

Marafiki je? Hawapatikani barabarani. Wafaransa hukutana kwenye association, chama kidogo chini ya sheria ya 1901: kwaya, mpira, kupika, kutembea milimani, kufundisha watoto kusoma. Kila Septemba miji mingi hufanya siku ya vyama, watu wanaweka meza uwanjani na wewe unazunguka unachagua. Nenda, jiandikishe viwili, rudi kila wiki. Urafiki wao huchelewa kuanza, na ukianza haukati upesi. Anayekaa na Wakongo tu chumbani miaka mitatu halafu akasema Wafaransa ni baridi, sina la kumwambia.

Mwisho ni makaratasi, na hapa hakuna stereotipu: ni kweli kabisa. Mfaransa haamini mdomo, anaamini dossier. Benki inataka uthibitisho wa anwani, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki na mdhamini. Kwa mdhamini, omba dhamana ya Visale, ni bure kwa wanafunzi. Viza ya muda mrefu lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia. Fanya wiki ya kwanza. Tengeneza nakala za cheti cha kuzaliwa, diploma na alama zako zote kabla ya kupanda ndege, maana kuzifuata Lubumbashi ukiwa Lyon ni kumsumbua mdogo wako mwezi mzima. Na kuna jambo ambalo hakuna fomu yao inayolijua: postnom. Wao wana nom na prénom tu, na karani mmoja atakuwekea postnom upande huu, mwingine upande ule, mpaka kwenye kompyuta zao uwe watu wawili. Angalia pasipoti yako imeliweka wapi, uandike hivyohivyo kwenye kila fomu, na karani akikosea mwombe arekebishe palepale dirishani kabla hujaondoka. Ukianza na bonjour, atarekebisha.